Nkongolo, Mbidi Kiluwe na Ubao wa Reli: hadithi ya Baluba mu mikono ya mwanafunzi wa sanaa

Mimi ni mwanafunzi wa sanaa hapa Lubumbashi. Mu mwaka wa mwisho wa masomo tuliombwa wote kutengeneza kazi tatu za kuchanganya vitu, ni kusema kazi ambazo rangi peke yake haitoshi: unaweka na mbao, nguo, udongo, waya, misumari, chochote kinachoweza kubeba maana. Tena kila mmoja aandike maelezo juu ya kazi zake. Mimi nilichagua hadithi ambayo karibu kila mwana wa Katanga amekwisha kusikia hata kipande: hadithi ya Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, na Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka upande wa mashariki.

Nilifikiri itakuwa kazi rahisi. Hadithi iko, vitu viko, mikono iko. Kumbe haikuwa vile. Kazi ya kwanza ilinianguka chini, ya pili haikueleweka, na ya tatu ilileta mabishano makubwa nyumbani kwetu. Mu maandiko haya nitasimulia kwanza hadithi yenyewe, kisha nitasema juu ya lukasa na juu ya wachoraji walionitangulia, na mwisho nitafika kwa zile kazi tatu. Sisemi kama mwalimu. Nasema kama mutu aliyekosea na akasahihishwa na wakubwa.

1. Hadithi yenyewe

Zamani, Baluba wanasema, inchi ilikuwa chini ya Nkongolo Mwamba. Alikuwa mutu wa rangi nyekundu, mwenye nguvu, lakini mkali kupita kiasi. Alikula mbele ya watu wote, alikunywa mpaka kulewa, aliua na kukata watu viungo kwa makosa madogo. Hata jina lake linasema mengi, kwa sababu mu Kiluba nkongolo ni upinde wa mvua. Kwetu upinde wa mvua hauko kitu cha kufurahia tu. Ni nyoka mkubwa anayetoka majini na kusimama mu anga, na akisimama mvua inakatika. Mkulima aliyekwisha kupanda hapendi kumuona.

Siku moja akafika Mbidi Kiluwe, mwindaji, mwana wa ukoo wa kifalme wa kule mashariki. Huyu alikuwa mweusi sana, mutu wa adabu. Hakukubali kula wala kunywa mbele ya macho ya watu. Nkongolo alishangaa: mgeni gani huyu anakataa chakula? Mpaka wakamjengea mahali pa kujificha ndipo akala. Mbidi akamfundisha Nkongolo desturi za bulopwe, ni kusema ufalme mtakatifu: mfalme anakula peke yake, anasema kwa kipimo, hachekicheki ovyo. Akalala na dada wawili wa Nkongolo, Bulanda na Mabela. Bulanda akazaa mtoto, Ilunga. Lakini Mbidi na Nkongolo hawakupatana, na Mbidi akarudi kwao akiacha mimba nyuma yake.

Mtoto akakua kwa mjomba wake. Akawa hodari mu vita mpaka wakamuita Kalala, jina la mkubwa wa vita. Akawa hodari pia mu kucheza ngoma na mu muchezo wa masoko, akamshinda mfalme mbele ya watu. Nkongolo akaona wivu. Akachimba shimo, akasimamisha mikuki ndani, akatandika mukeka juu, kisha akamualika Kalala aje kucheza ngoma pale. Mupiga ngoma alijua siri. Hakuweza kusema kwa mdomo, basi akasema kwa ngoma. Kalala akasikia, akatupa mkuki wake juu ya mukeka, ukapenya, shimo likaonekana. Akakimbia, akavuka mto, akaenda kwa baba yake. Aliporudi alikuwa na jeshi. Nkongolo alikimbilia milimani, akakamatwa, akakatwa kichwa. Kichwa na mwili vikazikwa mbalimbali. Nkambo yangu, mama ya mama, anaongeza kwamba pale pa kichwa mchwa walijenga kichuguu chekundu, na ndiyo maana vichuguu vya upande wa kwao ni vyekundu.

Kalala Ilunga akawa mulopwe, na kutoka kwake wafalme wa Baluba wanahesabu mizizi yao.

2. Hadithi hii ni historia?

Wakati wa ukoloni waandishi wengi walichukua hadithi hii kama barua ya kiserikali. Walisoma "mgeni alikuja kutoka mashariki", nao wakaandika kwamba taifa moja lilishinda lingine, wakatafuta hata mwaka. Tangu miaka ya 1970 wenye elimu walianza kuwa na mashaka. Mbelgiji Luc de Heusch, mu kitabu chake cha 1972 juu ya mfalme mlevi, alionyesha kwamba Nkongolo na Mbidi ni namna mbili za kufikiri: ukavu na mvua, nguvu bila adabu na nguvu yenye adabu. Mmarekani Thomas Reefe, aliyeandika mwaka 1981 historia ya ufalme wa Baluba mpaka 1891, naye alionya kwamba mutu asihesabu miaka juu ya hadithi hii kama vile anahesabu franga.

Udongo wenyewe umesema neno. Mu bonde la Upemba, pembeni ya ziwa Kisale, pale Sanga, makaburi ya zamani yalichimbuliwa mwaka 1957 na 1958, na kazi ikaendelea mu miaka ya 1970 pamoja na Pierre de Maret. Walipata vyungu vizuri sana, mapambo ya shaba, vitu vya chuma, na misalaba midogo ya mukuba iliyozikwa pamoja na wafu. Kazi hiyo ilionyesha kwamba watu waliishi pale na desturi zao tangu karne ya 8 hivi, na kwamba desturi hizo zinafuatana karne kwa karne mpaka kwa Baluba wa nyakati zetu. Hakuna mahali ambapo unaona taifa moja limefutwa na lingine likaanza.

Basi yule mgeni alikuwa wapi? Hili ndilo swali lililonikamata. Kama hakuna uvamizi, kwa nini wakubwa wetu, ambao walikuwa watu wa pale pale tangu zamani, walipenda kusema kwamba ufalme wao ulizaliwa na mgeni? Wangeweza kusema: siye tulitoka katika udongo huu, hatuchanganyike na mutu. Hawakusema hivyo. Walisema: damu ya hapa na damu ya mbali ziliungana mu tumbo la mwanamke wa hapa, ndipo mfalme wa kweli akapatikana. Nkongolo peke yake alikuwa nguvu isiyo na adabu. Mbidi peke yake alikuwa adabu isiyo na inchi. Iliwapasa wote wawili, na Bulanda katikati yao.

3. Lukasa, ubao wa kumbukumbu

Mambo haya hayakuachwa kwa mdomo tu. Baluba walikuwa na chama cha Mbudye, na mu chama hicho walikuwako "bana balute", watu wa kumbukumbu. Kitabu chao kilikuwa lukasa: ubao mdogo unaoshikwa mkononi, umebana katikati kama kiuno, umejaa ushanga, makombe na misumari midogo, na nyuma yake mara nyingi michoro inayokumbusha gamba la kobe, kwa sababu kobe ni alama ya Mbudye.

Msomaji anashika lukasa kwa mkono wa kushoto, anatembeza kidole cha mkono wa kuume juu ya ushanga. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo unaweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari unaweza kuwa njia, mto, au safari ya ukoo. Ushanga mwekundu unaweza kusimama kwa Nkongolo. Nasema "unaweza", kwa sababu lukasa haisomwi kama alfabeti. Msomaji anaangalia nani yuko mbele yake, mfalme gani anasimikwa, ugomvi gani unaamuliwa, kisha anasimulia yanayofaa saa ile. Ubao ni uleule, lakini maneno yanafuata mahitaji ya watu.

Kuna jambo linaloumiza. Lukasa nyingi zinazojulikana leo haziko kwetu. Ziko mu makumbusho ya Ulaya na Marekani, nyuma ya vioo. Moja iko Brooklyn, kule New York. Mwaka 1996 maonyesho makubwa juu ya kumbukumbu ya Baluba yalifanyika New York, pamoja na kitabu kizito kilichotayarishwa na Mary Nooter Roberts na Allen Roberts. Mimi, mwana wa mwanamke wa Kiluba, niliona lukasa kwa mara ya kwanza mu picha ya kitabu kile, nakala ya nakala, nyeusi na nyeupe. Rangi za ushanga, ambazo ndizo sauti yake, sikuziona.

4. Walionitangulia

Sikuwa wa kwanza kutafuta njia kati ya hadithi na tablo. Mu muji wetu, mu miaka ya 1940, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua ateliye iliyojulikana kwa jina la Hangar. Ndani yake walikuwako Pilipili Mulongoy na samaki, ndege na nyoka wake, Bela aliyepaka rangi kwa ncha za vidole, na Mwenze Kibwanga mwenye mistari mingi kama nguo iliyofumwa. Mwaka 1951 Laurent Moonens alianzisha akademia ya sanaa ya muji huu, na Romain-Desfossés alipokufa mwaka 1954 wachoraji wake waliingia huko. Tablo za Hangar ni nzuri. Lakini ukizitazama kwa muda utaona karibu hakuna treni, hakuna mgodi, hakuna mzungu. Wanyama na majani peke yake, kama vile Elisabethville haikukuwa.

Kisha wakaja wachoraji wa barabarani, waliouza kazi zao nyumba kwa nyumba. Tshibumba Kanda Matulu, mu mwaka 1973 na 1974, alichora historia yote ya inchi kwa tablo zaidi ya 100, akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha kwetu mbele ya mwalimu Johannes Fabian. Yeye hakuogopa treni wala mgodi wala damu. Na mu wakati wetu Sammy Baloji, mu kazi yake "Mémoire" ya 2006, alikata picha za wafanyakazi wa wakati wa ukoloni akazisimamisha juu ya picha za viwanda vilivyokufa. Niliposoma juu ya watu hawa nilielewa kwamba kuchanganya vitu hakukuja na mitindo ya Ulaya peke yake. Lukasa yenyewe ni kuchanganya: mti, kombe lililotoka baharini, ushanga ulionunuliwa kwa wafanyabiashara wa mbali, chuma cha hapa.

5. Kazi ya kwanza: Upinde

Nilikamata mifuko ya kitani inayobebea unga, nikaishona pamoja mpaka ikawa na urefu wa meta 2. Juu yake nikapaka udongo wa kichuguu, mwekundu kama wa hadithi, nikauzungusha kama upinde. Juu ya udongo nikapitisha waya za mukuba zilizotoka mu mota zilizokufa, nikizilaza moja juu ya nyingine kama magamba ya nyoka. Ili zibadilike rangi nilizimwagia siki na chumvi, na kisha siku chache zikaanza kuota kijani.

Asubuhi ya maonyesho madogo ya kalasi, udongo wote ulikuwa chini. Ulikauka, ukapasuka, ukaanguka. Waya zilibaki zikining'inia kama matumbo. Wenzangu walicheka, na mimi nikacheka pamoja nao, lakini usiku sikulala. Fundi mmoja wa kujenga, jirani yetu, ndiye aliyenifundisha: udongo wa kichuguu unashikana sana, kwa hiyo ukikauka unajivuta na kujipasua. Changanya na mchanga mwembamba, tia kole nyeupe ya mbao, paka tabaka nyembamba, ngojea ikauke, rudia. Nilirudia mara tatu na ikashika.

Niliacha lakini sehemu moja ya ile mipasuko ya kwanza. Nkongolo ni mfalme aliyepasuka. Nguvu yake ilishikana sana, haikuwa na mchanga wa adabu ndani yake.

6. Kazi ya pili: Mgeni anakula

Kwa Mbidi Kiluwe nilisimamisha kiriri cha mukeka, na nyuma yake sahani ya zamani ya kalai na kikombe. Upande wa mbele nilipaka makaa ya mti, meusi kabisa, na katikati alama moja ya pemba nyeupe, kwa sababu pemba kwa Baluba ni rangi ya roho na ya usafi. Mutu akitaka kuona sahani inamlazimu kuinama pembeni, kama vile anachungulia. Ndilo kosa la Nkongolo: kuchungulia mgeni anapokula.

Kazi hii haikueleweka sana. Mmoja wa waliotuhukumu, sitataja jina, alisema kwamba haina "Afrika" ya kutosha, na kwamba wanunuzi wanapenda kinyago. Nilinyamaza. Lakini nilijiuliza: kama mukeka, kalai, makaa na pemba haviko Afrika, basi Afrika iko wapi?

7. Kazi ya tatu, na mabishano

Hapa inanipasa kusema juu ya jamaa yangu. Mama yangu ni Muluba wa upande wa Kabongo. Baba yangu ni mwana wa watu wa Kasai, lakini alizaliwa Likasi, na baba yake alifanya kazi Likasi maisha yake yote. Mwaka 1992, kisha Etienne Tshisekedi kuchaguliwa waziri mkuu mwezi wa 8, siasa ya chuki ilifukuza watu wa asili ya Kasai mu miji ya Katanga. Likasi ilianza mwaka ule, Kolwezi ikafuata mwaka 1993. Mamia ya maelfu ya watu walipoteza nyumba. Walilala kwenye magare, mvua ikiwapiga, wakingojea treni, na wengi walikufa pale au njiani. Waliitwa bilulu, ni kusema wadudu. Baba alikuwa na miaka 14. Dada yake mdogo alikufa kwenye gare kwa ugonjwa wa tumbo kabla treni haijafika. Baba alirudi huku akiwa mutu mzima, akaoa mama yangu. Mambo yale hakuyasema kwetu.

Nilitaka kuyaweka mu lukasa. Nilipata kipande cha mbao nene, moja ya zile zinazobeba reli, nyeusi kwa mafuta, nzito kama jiwe. Nilichonga kiuno. Nikaanza kupigilia ushanga, vifuniko vya chupa, misumari ya reli iliyoshika kutu. Nkambo alikuja kututembelea, akaniona uani.

"Mwana, ile kitu uko unafanya, nani alikupatia njia?"

"Niliona mu kitabu, nkambo."

"Kitabu haiingizake mutu mu Mbudye. Lukasa haiko ya kila mutu kushika. Bankambo balikuwa banafundishwa kwanza, banalipa, banaapa. Weye umelipa nini?"

Nilimjibu vibaya. Nilisema kwamba Mbudye ya zamani imekwisha kudhoofika, kwamba lukasa zimekwenda kwa wazungu, na kama siye wenyewe hatutengenezi, nani atatengeneza? Mama akanifokea kwa kusema vile mbele ya mkubwa. Nkambo hakukasirika. Alikaa kimya, kisha akasema:

"Kama mwizi alikamata mlango, si ruhusa ya weye kuingia bila kupiga hodi. Tengeneza ubao yako. Lakini usiiite lukasa, na usiipatie ile kiuno."

Kwa siku nyingi nilikuwa na hasira. Nilifikiri: mutu wa Ulaya anaweza kuiweka nyuma ya kioo, anaweza kuipiga picha kwa kadi ya posta, na mimi mjukuu sina ruhusa ya kuiga umbo lake! Lakini maneno yake yalinifuata. Kilichofanya lukasa iaminiwe ni kwamba msomaji wake alikuwa amefundishwa na anajulikana, na akidanganya kuna wa kumsahihisha. Mimi nilitaka kuazima heshima ile kwa umbo tu. Hapo ningekuwa kama Nkongolo: nguvu ya mkono bila adabu.

Nilikata kile kiuno. Ubao ukabaki mnyofu kama ulivyokuwa chini ya reli. Nikauita "Ubao wa reli". Nilitoa ushanga wote, kwa sababu ushanga ni wa lukasa, nikabaki na vitu vya watu waliofukuzwa: misumari ya reli, vifungo vya mashati, kipande cha sahani ya kalai, ufunguo wa nyumba ambayo hawakurudi, na makombe mawili ya konokono wa mto. Waya mmoja wa mukuba unapita kutoka Likasi mpaka Mwene-Ditu. Juu kabisa niliweka alama mbili zikigusana, udongo mwekundu na makaa meusi: Nkongolo na Mbidi, mwenye inchi na mgeni.

8. Kidole cha baba

Siku ya maonyesho baba alikuja akiwa amevaa koti. Alizunguka kazi za wenzangu wote kwanza, kama mutu anayeogopa kufika. Kisha akasimama mbele ya ubao. Sikumueleza kitu. Akanyoosha kidole, akakiweka juu ya msumari wa kwanza. Akasema jina la barabara yao kule Likasi. Akaenda kwenye kifungo, akasema jina la jirani. Mutu huyu, alisema, alikuwa mwana wa Katanga, aliwaletea maji usiku kwa siri, na alipigwa kwa ajili ya hiyo. Hapo nilijifunza jambo ambalo sikuwa nimeliweka mu kazi yangu. Alipofika kwenye kombe dogo alisimama, akatoa kidole, akatoka inje.

Nkambo alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni. Aliniangalia, akasema tu: "Sasa umelipa."

Sitaki mutu afikiri kwamba ubao umemaliza jambo. Haukurudisha nyumba ya mutu, wala haukuhukumu aliyefanya uovu. Mmoja wa wageni alisema waziwazi kwamba mambo ya 1992 yasichokozwe, kidonda kimefunga. Ninaheshimu woga wake, kwa maana chuki ile iliwashwa na maneno, na maneno yanaweza kuiwasha tena. Lakini kidonda nilichokiona mu kidole cha baba hakikuwa kimefunga. Na tangu siku ile anasema. Polepole, jina moja kwa juma, lakini anasema.

9. Mwisho

Wapenzi wasomaji, ninatoa mawazo matatu.

La kwanza: hadithi za wakubwa wetu haziko mapambo. Watu waliosema 1992 kwamba mgeni ni mdudu walikuwa na hadithi nyumbani mwao inayosema kwamba mgeni ni baba ya mfalme. Hawakuisikiliza. Tuwafundishe watoto hadithi ya Mbidi Kiluwe nzima, pamoja na swali lake, wasibaki na majina tu.

La pili: wasanii vijana, tupige hodi. Vitu vya zamani vina wenyewe. Kuomba njia hakupunguzi uhuru wetu. Kwangu mimi, katazo la nkambo lilitengeneza kazi bora kuliko ile niliyoitaka. Na kwa wakubwa ninaomba hivi: mukitukataza, mutuambie na sababu, kama nkambo alivyofanya, kwa sababu kijana aliyekatazwa bila neno anakwenda kununua kinyago cha bandia sokoni.

La tatu ni juu ya vitu vilivyoko mbali. Mwaka 2022 Ubelgiji ulipitisha sheria juu ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni, na mwaka uleule mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kwa kukiazimisha. Ikiwa siku moja lukasa zitarudi mu Haut-Lomami, nani atazisoma? Ubao bila kidole kinachojua ni mbao tu. Wale wanaojua hata mstari mmoja wako kati yetu leo, lakini wengi wamezeeka. Chama chetu kiwafuate, kiwasikilize, kiandike kwa ruhusa yao, mbele hatujaanza kuhesabu masanduku yatakayoshuka mu ndege.

Mimi nimekwisha kuanza na nkambo yangu. Kila siku ya mungu kisha misa ninakaa karibu naye na daftari. Mara nyingi ananiambia niweke kalamu chini kwanza, nisikilize.